Kubadilisha mfereji wa jikoni kwenye nyumba ya zamani Mombasa bila kuvunja paipu ya ukutani

Mfereji wenyewe si kazi, kazi iko nyuma ya ukuta. Kwenye nyumba mpya za kule Nyali na Bamburi zenye zile paipu za plastiki za kijani za PPR wafungua, wafunga, umemaliza kabla chai haijapoa. Lakini ukiwa wakaa Kibokoni, Kuze, Majengo, Ganjoni au fleti za miaka mingi za Tudor, nyuma ya taili huenda kuna paipu ya chuma, ile GI, iliyolazwa kabla wengine wetu hatujazaliwa, na kwa ndani ishaliwa na kutu mpaka tundu la maji limekuwa dogo na thredi, yale meno ya kuungia, zimebaki nyembamba. Ukiivamia kwa nguvu yakatika mle mle ukutani na kazi ya mfereji mmoja yageuka kuwa kazi ya kupasua ukuta, kununua simiti na kutafuta taili za rangi ambayo haitengenezwi tena. Kwa hio mwongozo huu wote ni juu ya jambo moja, vile utatoa mfereji wa zamani paipu isijue.

Kabla ya yote hakikisha kweli wahitaji mfereji mpya. Kama wadondoka pale mdomoni tu hata ukiufunga, hio mara nyingi ni washa ya mpira ndani ishaisha, waifungua kichwa, watoa ile ya zamani, waweka ya nusu inchi mpya, basi. Kama maji yatokea pale shingoni chini ya mkono wa kuzungusha, hio ni paking, yazungushwa uzi mpya na kukazwa ile nati ndogo. Ile mifereji ya zamani mizito ya brasi tupu ni mizuri sana jamani, mingi ya leo haiifikii hata robo, msiitupe kwa sababu tu imechakaa sura. Badilisha ikiwa mwili umepasuka, ama pale kichwa kinapokaa pamechimbika hata washa mpya haizuii, ama shingo ndo fupi na sufuria ya pilau haiingii chini yake.

Sasa kununua. Ushike mkononi uupime uzito, mfereji wa brasi ni mzito, ule wa aloi ya zinki uliopakwa kromu ni mwepesi na kwa hewa yetu ya chumvi ile kromu yaanza kutoka vipele baada ya muda si mrefu. Saizi karibu zote jikoni ni nusu inchi, thredi za BSP, ule mtindo wa Kiingereza tuliorithi. Mtu akikuletea mfereji mzuri kutoka Marekani angalia kwanza, kule hutumia mtindo wao wa NPT, meno yake yamekatwa kwa pembe ya digrii 60 na yetu ni digrii 55, waingia kidogo wakudanganya kama umeshika halafu wavuja maisha yake yote.

Na hapa kuna jambo ambalo madukani hawakwambii. Nyumba nyingi za mjini maji ya jikoni yatoka tangi la juu, si moja kwa moja kwa laini ya mji, maana maji ya mji yaja kwa zamu. Nguvu ya maji ya tangi ni urefu wake tu, kila mita moja ya kwenda juu yakupa kama sehemu moja ya kumi ya ba moja, ba ndo kipimo cha nguvu ya maji. Tangi likiwa mita tatu juu ya mfereji una ba 0.3 tu hapo jikoni na bado hatujatoa ile inayopotea kwa kutu. Mikisa nyingi za kisasa, ile mifereji ya kuchanganya maji moto na baridi, zenye shingo ya kuvuta na vishimo vidogo huandikwa kwenye boksi zataka ba moja au nusu, ukiiweka pale yatoka maji ya kulia. Kwa maji ya tangi chukua mfereji wa kawaida wa shingo ndefu wenye tundu pana, wa robo mzunguko, yaani wafunguka wote kwa kuzungusha mkono robo tu, na uangalie kile kichujio cha mdomoni kiwe cha kufunguka kwa mkono.

Ukiwa hapo hadiwea chukua na hivi: tepu ya thredi roli mbili au tatu za ile nene kidogo, uzi wa katani wa mafundi na dawa yake ya kupaka ile ya maji ya kunywa, brashi ya waya, dawa ya kutu ya kupuliza, kipande kimoja au viwili vya kurefusha vya nusu inchi, na plagi ya nusu inchi, kile kizibo cha mdomo wa paipu. Hio plagi usiisahau hata kama utasahau mengine. Ni kitu kidogo cha bei ndogo, lakini kazi ikikushinda katikati waifunga kwenye paipu, wawafungulia watu wa nyumba maji wakaoge wakatawadhe, na wewe waenda kutafuta kifaa au fundi bila kelele kichwani. Spana zataka mbili, moja ya paipu yenye meno na moja ya kufungua na kufunga midomo. Moja peke yake haitoshi, na nitaeleza kwa nini.

Siku ya kufanya nayo yataka akili. Anza asubuhi, siku ya kazi, hadiwea zikiwa wazi. Ijumaa mchana maduka mengi yafungwa watu waenda kuswali na ukikwama saa sita una paipu wazi wakaa mpaka saa nane, Jumapili ndo kabisa. Jaza ndoo na mitungi usiku wake. Kama ni fleti na tangi ni la pamoja waambie majirani mapema, si adabu mtu ajipake sabuni halafu maji yakatike. Na siku moja kabla, puliza dawa ya kutu pale mfereji unapoingia kwenye paipu, jioni mara moja, kabla ya kulala mara nyingine, uiache inyonye. Kama pana ule ukoko mweupe, na nyumba zinazotumia kisima huwa nao tele kwa sababu kisiwa chetu ni jiwe la matumbawe na maji yake hubeba chokaa na chumvi, funga kwanza kitambaa kilicholowa siki pale kwenye maungio masaa kadhaa, ukifute, ndo upulize dawa. Hii hatua watu huiruka na ndo inayookoa paipu kuliko zote.

Kufunga maji. Nyumba za zamani zaweza kuwa na laini mbili zinazoingia jikoni, moja ya mji na moja ya tangi, zimeungwa mahali na fundi ambaye hayuko tena. Funga valvu ya mita, halafu funga ya tangi, halafu zima swichi ya pampu na uweke karatasi pale pameandikwa usiwashe, maana watoto na wageni hawajui. Fungua mfereji ulio chini zaidi kwenye nyumba na ule wa jikoni, acha yaishe. Ikiwa baada ya dakika kumi bado yachuruzika basi kuna laini hujaijua, itafute kabla hujashika spana.

Geti valvu za zamani, zile za kufunga maji kwa kamlango ka ndani, ni hatari. Zikikaa miaka bila kuzungushwa zashika, ukilazimisha ule mlango wa ndani wakatika na mkono wazunguka bure, na waweza kukatika ukiwa umefungwa, nyumba nzima ikakosa maji. Izungushe taratibu, robo mbele robo nyuma, na dawa ya kutu pale shingoni. Ikigoma kabisa achana nayo, funga lile boya la tangi kwa kamba lisiingize mengine, na uyatumie maji yaliyomo, fueni mapazia, osheni sakafu, mpaka tangi liishe. Ni polepole lakini hakuna kitu kimevunjika.

Jambo lingine la nyumba za zamani, la usalama. Kuna nyumba ambazo waya wa athi wa umeme uliungwa kwenye paipu za chuma. Ukiwa umewahi kushika mfereji na mkono ulolowa ukahisi kitu chakutekenya, usifanye kazi hii kabisa mpaka fundi wa stima aangalie. Na hata kama hujawahi kuhisi, kazi ikiwa ni ya chuma na maji zima meni swichi, mchana una mwanga wa dirisha.

Sasa kutoa, na hapa twende pole.

Angalia mfereji unaingia wapi. Mara nyingi ndani ya ukuta kuna elbo, kile kiungo cha kona, na mfereji umeingia kwenye hio elbo au kwenye kipande cha kurefusha kilichoingia kwenye elbo. Ukizungusha mfereji na kutu imeshika, ile nguvu yote yaenda kwenye elbo, elbo nayo yaipindua paipu iliyosimama ukutani, na paipu iliyoliwa yakatika pale kwenye thredi za kwanza. Ndo maana spana mbili. Moja yashika kile kinachobaki, moja yazungusha kile kinachotoka, na mikono yako miwili yavutana yenyewe kwa yenyewe, ukuta hausikii chochote.

Kama elbo imezama kwenye plasta huwezi kuishika, basi utoe ile flanji ya kufunika, uchukue tindo ndogo na nyundo nyepesi, uchimbe kuzunguka elbo upate nafasi ya mdomo wa spana. Kwenye nyumba za Mji wa Kale kuta ni mawe ya matumbawe na chokaa, zachimbika kwa urahisi, gonga kidogo kidogo na kwa upande, ukigonga sana kipande kikubwa chaanguka na bado hujaanza. Ukuta wa simiti ni mgumu zaidi lakini wakatika pale unapotaka. Kishimo cha upana wa yai chatosha. Najua yauma kutoboa ukuta kwa sababu ya mfereji, ila kishimo hicho chajificha chini ya flanji mpya, na paipu iliyokatika haifichiki.

Shika elbo kwa spana ya meno, shika mfereji kwa nyingine, na uzungushe mfereji kinyume cha saa. Usivute kwa mkupuo. Kaza mzigo polepole, ngoja, ongeza. Ukisikia unatoa mlio mfupi na kusogea kidogo, simama hapo, rudisha ndani kidogo, puliza dawa, toa tena, hivo hivo mpaka ulegee. Ukiona elbo nayo inazunguka pamoja na mfereji, ACHA. Hio ndo dalili ya mwisho kabla ya kukatika. Weka dawa uache mpaka kesho, au gonga pembeni mwa shingo ya mfereji kwa nyundo ndogo mara nyingi nyepesi, ule mtikisiko wapasua kutu ndani. Wengine huchomea moto wa gesi na kweli hufungua, chuma chatanuka, lakini ndani ya jikoni kuna mtungi wa gesi, kuna mbao, na kama mbele paipu imeungwa na PPR ile plastiki yayeyuka, mimi sishauri mtu asiye fundi afanye.

Kazi hii si ya misuli nawaambia. Akina mama na mabinti wenye subira huifanya vizuri kushinda kijana mwenye nguvu na haraka.

Kama licha ya yote kipande kimekatika na thredi zimebaki ndani ya elbo, usilie. Chukua jani la msumeno wa chuma, lifunge kitambaa upande mmoja upate pa kushika, ukate kile kilichobaki kwa ndani, mkato mmoja, halafu mwingine pembeni yake, mpaka ukaribie thredi za elbo bila kuzigusa. Kisha kwa ncha ya tindo ukibonyeze kile kipande katikati ya mikato kiingie ndani, chalegea, wakitoa na koleo. Chukua muda wako, thredi za elbo zikibaki salama umeokoa ukuta.

Mfereji ukishatoka usikimbilie kufunga mpya. Weka ndoo chini ya lile tundu, mtu mmoja akae kwenye valvu, mpigiane simu ama mpigiane kelele, afungue kidogo kwa sekunde chache. Yatatoka maji ya rangi ya chai, magamba ya kutu, mchanga. Rudia mpaka yawe meupe. Mifereji ya robo mzunguko ndani ina visahani viwili vya kauri vinavyosuguana, na punje moja ya kutu yatosha kuvikwaruza, mfereji mpya ukaanza kudondoka wiki hio hio na mtu akalaumu duka.

Safisha thredi za elbo kwa brashi ya waya, pangusa mafuta yote ya dawa, pawe pakavu kabisa. Tepu haishiki kwenye mafuta wala maji.

Kuzungusha tepu: shika mfereji ile thredi ikikutazama wewe, na uzungushe kwa mwendo wa saa, yaani upande ule ule utakaokazia, ili ukiingiza tepu ijibane badala ya kujifungua. Anza thredi ya pili acha ya kwanza wazi, vuta tepu iwe na mkazo ijizamishe kwenye meno. Thredi mpya mara tano sita zatosha, lakini elbo ya zamani meno yameliwa, weka mara kumi mpaka kumi na tano ukitumia tepu nyembamba. Na ujue kanuni ya tepu, ukishakaza usirudi nyuma. Ukirudisha hata kidogo ishachanika, toa uanze upya.

Kwa sababu hio kwa elbo iliyochoka sana mimi napenda katani. Chukua uzi mchache usiwe fungu, kwaruza thredi za mfereji kidogo kwa jani la msumeno ili katani ishike isiteleze, zungusha ukifuata meno, nyembamba mbele na nene nyuma, upake dawa yake juu. Katani ikilowa yavimba na kujaza pale meno yalipoliwa, na yakubali kurudishwa nyuma kidogo kama mdomo wa mfereji umepita mahali pake. Wazee walikuwa wakipaka rangi nyekundu ya risasi badala ya dawa. Usiige hio, risasi ni sumu na maji haya ndo ya chai na ya mtoto.

Ingiza kwa mkono kwanza. Yafaa iingie mizunguko mitatu minne bila spana, ikikataa mapema imeingia kombo, toa. Kisha spana mbili tena, moja kwenye elbo vile vile, na mfereji uufunge kitambaa kromu isikwaruzwe. Kaza mpaka uhisi umeshika vizuri na mdomo waangalia chini. Ikiwa umeshika na bado waangalia pembeni, usiulazimishe robo nzima, brasi yapasuka na elbo ya zamani yafunguka mdomo, toa uongeze au upunguze tepu. Kama shingo haifiki katikati ya sinki tumia kile kipande cha kurefusha, nacho kifungwe tepu kwa njia hio hio.

Wenye mfereji unaosimama juu ya sinki, kanuni ni zile zile ila shida yenu iko chini, ile nati ya nyuma iliyobanana. Ipulizwe dawa, na tumia spana ndefu ya sinki, ukilalia mgongo na taulo chini ya shingo. Zile hosi za kujikunja zina washa ya mpira ndani ya nati, hapo hapahitaji tepu, kaza kwa mkono halafu robo ya spana tu, na hosi isijinyonge. Chukua zenye waya wa stenlesi, kwa chumvi yetu zile za bei ya chini zaoza na kupasuka usiku mko msibani au safari. Na wekeni ango valvu, ile valvu ndogo ya kona ya kufunga maji ya mfereji huo tu, kwenye ukuta kabla ya hosi, mara nyingine hamtahitaji kupanda kwenye tangi.

Kujaribu sasa. Toa kichujio cha mdomoni, acha mfereji mpya wazi, ndo ufungue valvu polepole. Utakohoa hewa kwanza na kutema uchafu, acha. Yakishakuwa meupe funga, rudisha kichujio, na upitishe karatasi ya tishu kavu kwenye kila maungio, jicho halioni tone dogo lakini tishu yaona. Rudia baada ya saa moja na usiku kabla ya kulala. Usirudishe plasta siku hio, liache lile shimo wazi siku mbili tatu ukiangalia. Likibaki kavu, lizibe na uweke flanji.

Ikiwa maungio ya mfereji ni makavu lakini ukuta wapata unyevu chini yake, hio ni elbo au paipu yenyewe, na hapo usijaribu kuiziba na simiti nyeupe wala gundi. Weka plagi, na uite fundi apitishe laini mpya ya PPR juu ya ukuta kutoka kwenye laini kuu mpaka jikoni. Usikubali achimbe ukuta mzima wa mawe kuifuata paipu ya zamani, iachwe mle mle imefungwa, na hio mpya ya nje hata ikivuja utaiona.

Nyumba inayochanganya maji ya kisima ya chumvi iangalie yale maungio kila baada ya miezi michache, brasi na chuma vikikutana kwenye maji ya chumvi chuma ndo hulika. Kichujio kifungue ukioshe baada ya wiki ya kwanza, kitakuwa kimejaa, halafu kila ukiona maji yamepungua. Na zile geti valvu zote mbili, ya mita na ya tangi, zifunge na kuzifungua kila mara unapoosha kichujio, zisishike tena.